Somo: Kuandaa mpango wa dharura wa kituo cha afya kabla masika hayajaingia

Usiku ule maji yalipofika kwenye kizingiti cha chumba cha kujifungulia, tulikuwa na mama ambaye njia imeshafunguka sentimita nane, tochi mbili, na stoo ya dawa iliyofungwa. Ufunguo alikuwa nao mwenzetu aliyekwenda mjini. Mpango wa dharura tulikuwa nao pia, faili nene lenye mihuri yote, nalo lilikuwa ndani ya stoo hiyo hiyo. Mlinzi alivunja kufuli kwa nondo, oksitosini (sindano ya kuzuia damu kutoka kwa wingi baada ya kujifungua) ikapatikana, mama akajifungua salama mtoto wa kiume. Lakini zile dakika ishirini za kuhangaika na kufuli sijazisahau.

Tangu hapo nikiulizwa mpango wa dharura ni nini, najibu kwamba ni kujua mambo manne bila kufungua faili lolote: nani ana ufunguo, nani anapiga simu, maji ya kutumia yatatoka wapi, na wagonjwa watatolewa kwa njia ipi. Somo hili nawaandikia wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, hasa wa mabondeni. Aliyeona Mto Rufiji ulivyofunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti Aprili 2024, kisha Kimbunga Hidaya kikakaribia pwani mwanzoni mwa Mei, hahitaji kushawishiwa.

Hatua ya 1: Chagueni majanga matatu

Si kumi na matano. Orodha ndefu haifanyiwi kazi na mtu. Kaeni na mtendaji wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wazee wawili watatu waliozaliwa hapo, muulize: maji yaliwahi kufika wapi? Barabara hukatika sehemu gani? Nenda na mzee mpaka kwenye ukuta wa kituo akuonyeshe kwa mkono, kisha upige mstari wa rangi hapo hapo. Mstari ule utakuambia jokofu liinuliwe kiasi gani.

Kila mahali pana lake. Katesh, Hanang, tarehe 3 Desemba 2023 yalikuwa maporomoko ya tope kutoka mlimani. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 lilikuwa lori la mafuta, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha kwa moto. Kagera mwaka 2023 ilikuwa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaoambukiza. Kama kituo chenu kiko kando ya barabara kuu, ajali ya basi iwe miongoni mwa yale matatu hata kama mto uko mbali.

Hatua ya 2: Majina, simu na funguo

Kila kazi iwe na mtu na msaidizi wake. Mganga mfawidhi akiwa semina, nani anaamua kwamba sasa tunahama? Andikeni jina, siyo cheo. Ufunguo wa stoo uwe na nakala tatu: moja kwa mfawidhi, moja kwa muuguzi wa zamu, moja kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri inayokaa kwa mtu anayelala jirani na kituo. Bahasha ikifunguliwa, inaandikwa kwenye daftari nani kafungua na kwa nini. Hivyo dawa zinabaki salama na mama hafi kwa sababu ya kufuli.

Namba zibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa: Mganga Mkuu wa Halmashauri, hospitali ya rufaa, mtendaji wa kata, mwenye boti, mwenye bodaboda anayeaminika. Zile za bure za kitaifa nazo ziwepo: 199 ya Wizara ya Afya, 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga chini ya mfumo wa m-mama, 114 ya Zimamoto, 112 ya Polisi. Ongezeni sehemu ambapo mtandao unashika. Kwetu ilikuwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mlinzi, na mgeni asingejua.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu ya maji

Kituo kinaweza kuzungukwa na maji pande zote kikakosa hata ya kunawa mikono. Hesabu ni hivi: mgonjwa wa nje lita 5, aliyelazwa kati ya lita 40 na 60 kwa siku, na kila mama anayejifungua lita 100. Mkiwa na wagonjwa wa nje 60, waliolazwa 8 na mama 2 wanaojifungua kwa siku, mnahitaji lita 300, lita 400 (kwa wastani wa lita 50 kila aliyelazwa) na lita 200, jumla lita 900. Simtanki la lita 5,000 likijaa litawafikisha siku ya tano na nusu. Barabara yenu ikikatika hukatika siku ngapi? Kama ni kumi, mnahitaji tangi la pili, na mifereji ya bati isafishwe kabla mvua haijaanza. Hapo kwenye mifereji ndipo wengi tunapokosea. Tangi lipo, lakini bomba limezibwa na majani ya mwaka jana.

Hatua ya 4: Jokofu, dawa na umeme

Inueni jokofu la chanjo juu ya mstari ule wa rangi. Tofali zilizojengewa saruji zinafaa kuliko meza. Umeme ukikatika, msifungue mlango mara kwa mara "kuangalia". Chanjo hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kila mlango unapofunguliwa baridi inatoka. Mkilazimika kuhamisha kwa kisanduku baridi, pakiti za barafu zitolewe kwanza zikae nje mpaka ukitikisa usikie maji yakicheza ndani. Barafu ambayo bado ni ngumu ikigusa chanjo ya pentavalenti au ya pepopunda itaigandisha, na chanjo hizo zikiganda zimeharibika hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Halafu someni alama ya joto kwenye chupa: mraba wa ndani ukishafikia rangi ya duara, chupa hiyo haitumiki.

Oksitosini nayo inataka baridi, ndiyo maana nasisitiza kila kituo kiwe na akiba ya misoprostoli, inayofanya kazi hiyo hiyo. Ni vidonge, havihitaji jokofu. Vikae kwenye chombo kisichopitisha maji ndani ya chumba cha kujifungulia, siyo stoo.

Oksijeni: konsentreta, ile mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, bila umeme ni sanduku tu. Kama sola yenu haiwezi kuiendesha usiku kucha, muwe na mtungi uliojaa, na mtu awajibike kuusoma kila Jumatatu. Mafuta ya jenereta yahifadhiwe mbali na jengo la wagonjwa.

Hatua ya 5: Wajueni watu wenu kabla hawajatawanyika

Hii kwangu ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Mafuriko yakija watu wanakimbilia miinukoni, shuleni, kwa ndugu. Mwenye shinikizo la damu anaacha vidonge ndani ya nyumba iliyozama. Anayetumia dawa za kufubaza virusi anafika kambini, anaona aibu kuulizia mbele za watu, anakaa kimya. Mama mwenye mimba ya miezi minane anaona mtumbwi na viboko mtoni, anaamua kubaki alipo.

Kila mwezi, kuanzia Februari, muuguzi wa kliniki achukue rejista ya wajawazito aandike wanaotarajia kujifungua ndani ya wiki sita zijazo, kitongoji kwa kitongoji. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe wa kwake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, hatuanzi kutafuta watu. Tunakwenda nyumba kwa nyumba na orodha mkononi kuwashauri wa kitongoji kinachokatika wasogee mapema karibu na hospitali. Nakumbuka dada mmoja alikataa kabisa kuondoka kwa sababu ya kuku wake kumi na wawili. Mhudumu wetu akazungumza na shangazi yake, shangazi akawachukua kuku, dada akapanda boti siku hiyo hiyo. Mambo haya hayamo kwenye fomu yoyote, yanajulikana na anayeishi nao.

Wenye dawa za kudumu, wanaostahili wapewe za miezi mitatu kabla ya masika, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika pamoja na kadi zao. Mfuko unagharimu kidogo sana ukilinganisha na mtu kuanza upya.

Hatua ya 6: Majeruhi wengi kwa wakati mmoja

Mpeni fundi cherehani kazi: vipande vya kitambaa vya rangi nne, thelathini kila rangi. Wakiletwa majeruhi, mtu mmoja tu asimame mlangoni kuwapanga, asitibu. Anayetembea ni kijani. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa ni nyeusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ukimbonyeza ukucha damu hairudi ndani ya sekunde 2, au hafuati maelekezo mepesi kama "nishike mkono", ni nyekundu, yaani wa kuhudumiwa kwanza. Waliobaki ni njano, wanaofuata. Msidanganyike na kelele: anayelia sana ana pumzi, aliyenyamaza kwenye kona ndiye wa kufuatwa.

Hatua ya 7: Zoezi

Mara mbili kwa mwaka, na moja iwe usiku. Zimeni taa, mfawidhi ajifanye hayupo, muone stoo inafunguliwa baada ya dakika ngapi. Andikeni dakika hizo ukutani.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali, kutoka Kilosa: Shikamoo Sista. Zahanati yetu tuko wawili tu, mimi na mhudumu. Hizo nafasi zote atazijaza nani?

Marahaba mwanangu. Usijaze zote kwa watumishi. Kubeba maji, kuendesha boti, kuita watu, kulinda mlango, vyote ni kazi za wanakijiji, na kamati ya kituo ndiyo inayowapanga. Wewe baki na mambo matatu ambayo hakuna mwingine anayeweza: kupanga majeruhi kwa rangi, kuzalisha, na dawa. Mhudumu wako ashike simu na daftari. Nami nakushauri uongee leo na wenzako wa zahanati ya jirani iliyo mwinukoni, mkubaliane kwa maandishi kwamba ya kwako ikizama mtahudumia kwao.

Swali, kutoka Lindi: Fedha tunazitoa wapi? Kila tukiomba tunaambiwa bajeti imeshapita.

Ndiyo maana inaingizwa kwenye mpango wa mwaka wa kituo tangu mwanzo, siyo mvua ikiwa imeshaanza. Fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo mnapangia wenyewe pamoja na kamati. Anzeni na vitu vidogo ambavyo hakuna atakayevikataa: nakala za funguo, rangi ya mstari, vitambaa, mifuko ya plastiki, kusafisha mifereji. Tangi la pili liwekwe mwaka unaofuata. Tofali tuliomba kwa wanakijiji, zikaletwa kwa baiskeli ndani ya siku mbili.

Swali, kutoka Tana River, Kenya: Hapa kwetu mafuriko yakiisha kipindupindu hufuata. Tuweke akiba gani, na klorini tuchanganye vipi?

Pole sana ndugu yangu, mto wenu naujua kwa kuusikia. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekauka vibaya anahitaji lita 5 za dripu ya Ringa Lakteti ndani ya saa 3, yaani chupa 10 za nusu lita kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa kumi ni chupa 100. Pimeni stoo yenu kwa hesabu hiyo, mtajua mmesimama wapi. Anayeweza kunywa apewe ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, mara moja, pakiti ya lita moja kwa lita moja ya maji safi. Maji ya kutumia ongezeni, maana kila mgonjwa wa kipindupindu anahitaji takriban lita 60 kwa siku.

Klorini: kwa sakafu na ndoo mnataka asilimia 0.5; matapishi yanataka kali zaidi, asilimia 2. Kama mna ya maji ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Kama ni unga wa asilimia 70, gramu 7 kwa lita. Ya kunawa mikono ni asilimia 0.05: chukueni kikombe kimoja cha ile mliyochanganya ya asilimia 0.5 mwongeze vikombe tisa vya maji. Ndoo ziwe za rangi tofauti na ziandikwe. Changanyeni upya kila siku.

Swali, kutoka Kagera: Sisi tunaogopa zaidi Marburg kuliko mvua. Kituo kidogo kifanye nini mgonjwa wa kwanza akitokea?

Mna haki ya kuogopa, kwani wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua mwaka 2023. Chagueni sasa hivi chumba kimoja chenye mlango wake wa nje na choo chake. Nje ya mlango huo pawe na kibuyu chirizi na sanduku lenye glavu, gauni, barakoa na miwani, lisilofunguliwa kwa kazi nyingine yoyote. Mgonjwa mwenye homa kali na kutapika au kutokwa damu, au aliyetoka kwenye msiba wa mtu aliyekufa hivyo, aingizwe humo moja kwa moja, ahudumiwe na mtu mmoja aliyevaa kamili, na simu ipigwe saa hiyo hiyo kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri na 199. Msimtoe damu wenyewe kabla ya kupata maelekezo. Waliomleta waandikwe majina na mahali wanapokaa, kwa upole, wakiwa wamepewa pa kukaa.

Swali, kutoka Kibiti: Vitabu vyetu vya MTUHA, vya kumbukumbu na takwimu za wagonjwa, vililowa vyote. Tunaviokoaje safari nyingine?

Kila Ijumaa jioni vitabu vinavyotumika viingie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, iwekwe juu kabisa. Rejista ya wajawazito na ya wenye dawa za kudumu ipigwe picha kwa simu ya kituo yenye neno la siri, siyo simu ya mtu binafsi, wala zisitumwe kwenye kundi lolote la WhatsApp. Vile vilivyolowa msivianike juani. Wekeni karatasi kavu kati ya kurasa, kivulini penye upepo, mgeuze kila baada ya saa chache. Vya kwetu vilichukua siku tisa. Wino wa bluu wa kalamu ya kawaida ulisomeka, ule wa kalamu ya maji ulipotea wote.