Kruzi kontroli na tela: washa tambarare, zima mlimani

Wenye gari za automatiki mnaovuta tela, kruzi kontroli (mfumo unaoshikilia kasi uliyoiweka bila wewe kukanyaga mafuta) inaokoa mafuta kwenye tambarare tu, mfano kipande cha Nzega kwenda Shinyanga. Hapo mguu wa binadamu hautulii: unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena, na kila ukikanyaga mafuta yanakwenda. Mashine inashikilia kasi moja.

Mlimani mambo yanageuka. Kruzi haioni mlima, inachojua ni kasi uliyoiwekea. Gari ikianza kulemewa na tela, inafungua mafuta kwa nguvu, giaboksi inashuka gia, inapanda, inashuka tena, na oili yake inachemka. Izime kabla ya kuanza kupanda, ukanyage wastani na ukubali kasi ipungue. Gia zikiendelea kuhangaika, zima overdraivu, yaani gia ya juu kabisa ya kubana mafuta. Kwa kupanda Kitonga ukiwa na mzigo, mimi nisingefikiria mara mbili.

Kuteremka ndiyo hatari zaidi: kwenye gari nyingi kruzi haishiki breki, na tela linakusukuma. Weka gia ndogo. Mvua ikinyesha pia izime, maana tairi likiteleza yenyewe inaweza kuongeza mafuta.

Halafu kasi yenyewe. Ukizidisha kasi mara mbili, upinzani wa hewa unakuwa mara nne, na tela lenye turubai linalopepea ni balaa. Weka 80, funga turubai likaze, na upepo wa tairi upime kabla hujaondoka, yakiwa bado ya baridi.