Simu ya nyumbani isiyo na waya: usinunue sura, nunua kitako na betri

Mama yangu anakaa na sisi hapa Leicester, Uingereza, mwaka wa sita sasa, na simu ya tachi anayo, tulimnunulia wenyewe, ila muda mwingi iko ndani ya pochi, pochi iko kabatini, na chaji imeisha tangu juzi. Anayoiamini yeye ni simu ya nyumbani. Inalia nyumba nzima inasikia, ina batani za kubonyeza ukazisikia kidoleni, na wadogo zake wa Tanga namba wanayo kwa kichwa. Katika hiyo miaka nimenunua simu tatu zisizo na waya, mbili za kwanza hela ilipotea, ya tatu ndo ipo mpaka leo, na kwa kuwa kila mwezi kuna mtu ananiuliza "nimnunulie mzee simu gani" nimeona bora niandike yote mara moja.

Kitu cha kwanza ambacho mimi sikukijua: simu yenyewe hasa ni kile kitako, sio ule mkono unaoushika. Kitako ndo kimechomekwa kwenye laini na kwenye umeme, kinapokea simu alafu kinairusha kwa mawimbi mpaka kwenye mkono. Kwahiyo ukinunua pakiti yenye mikono mitatu ukadhani netiweki itafika mbali zaidi, hapana, mikono yote mitatu inategemea kitako kile kile kimoja. Mkono wa pili na wa tatu faida yake ni kwamba unaweza kuweka mmoja jikoni na mwingine chumbani, na vichajio vyake vinahitaji soketi ya umeme tu, havihitaji waya wa simu. Hiyo ni faida kubwa kwa mzee maana hatakimbilia simu kwenye ngazi. Ila kama chumba cha juu mawimbi hayafiki, hayatafika hata ununue mikono sita.

Simu za siku hizi nyingi zinatumia mfumo unaitwa DECT, tafuta hayo maandishi kwenye boksi. Boksini wataandika mita 50 ndani na mita 300 nje, na hiyo mita 300 ni uwanja mtupu hauna hata mti. Ndani ya nyumba inategemea kuta. Tofali nene, zege lenye nondo, kioo kikubwa cha ukutani, friji, makabati ya bati, hivyo vyote vinakula mawimbi. Simu yetu ya kwanza niliificha nyuma ya tivii sebuleni ili waya zisionekane, nikaona nimefanya la maana, kumbe mama akipanda nayo juu inakwaruza mpaka inakata, akaniambia "mwanangu hii simu inachagua pa kuongelea". Siku nilipokitoa kitako pale nikakipandisha juu ya kabati dogo kwenye korido, karibu na katikati ya nyumba, mkwaruzo ukapungua sana, ile ile simu. Basi kabla hujailaumu simu hamisha kitako kwanza, kiweke juu, kiweke wazi, na kikae kama mita moja mbali na ruta na tivii. DECT haigombani na waifai kwa sababu masafa yake ni mengine, ila simu za zamani za 2.4 GHz zinagombana na waifai na hata maikrowevu ikiwashwa unasikia, kwahiyo ukiiona moja kwenye duka la vitu vya mtumba iache hapo hapo.

Sasa hapa naomba msome taratibu maana ndo watu wengi wanaumia. Simu ya Marekani usiilete Uingereza wala usiipeleke Tanzania au Kenya. Binamu yangu alikuja na simu nzuri kutoka Houston, zawadi kwa mama, mikono mitatu, boksi limeandikwa DECT 6.0, sisi tukajua hiyo 6.0 maana yake ni mpya kuliko zote. Sio toleo la sita, ni jina tu la biashara la kule kwao. DECT ya Ulaya inatumia masafa ya 1880 mpaka 1900 MHz, ya Marekani na Kanada ni 1920 mpaka 1930, na huku kwetu hayo ya Marekani yapo ndani ya masafa waliyopewa makampuni ya simu za mkononi, kwahiyo unawaingilia, na hapa Uingereza Ofcom, wale wasimamizi wa mawasiliano, walishasema wazi kwamba kuzitumia ni kinyume cha sheria. Juu ya hapo kuna umeme. Adapta yake ilikuwa imeandikwa 120V peke yake, tukachomeka kwenye 230, dakika chache tu tukasikia harufu ya plastiki na moshi mdogo ukatoka. Tulishukuru Mungu tulikuwepo. Kama ni lazima ubebe kifaa chochote kutoka kule soma adapta kwanza, ikiwa imeandikwa 100-240V umeme hautaiua, ila kwa simu isiyo na waya hata adapta ikikubali bado masafa yanakataa. Ukitaka kumpelekea mzee zawadi nyumbani chukua ya Ulaya.

Kwa tulioko Uingereza kuna jambo lingine kubwa, laini za kizamani za shaba zinafungwa na mwisho uliotangazwa ni Januari 2027. Baada ya hapo simu huchomeki tena ukutani, unaichomeka nyuma ya ruta. Simu nyingi za zamani zinaendelea kufanya kazi vizuri tu, hamna haja ya kununua mpya kwa sababu hiyo, usidanganywe na muuzaji. Kinachobadilika ni mahali: kitako sasa kinalazimika kukaa jirani na ruta, na ruta mara nyingi iko kwenye kona mlangoni, kona mbaya kuliko zote. Dawa ni kununua waya wa simu mrefu kidogo, mita tatu au tano, kitako kisogee sehemu ya wazi. Na zile soketi za simu za vyumba vingine zinaweza kufa, kwahiyo kama una simu ya waya chumbani kwa mzee angalia mapema. Mlioko Ujerumani wengi wenu mna ruta ya FRITZ!Box ukutani, ile ndani yake ina kitako cha DECT tayari, unanunua mkono tu unausajili. Nyumbani Dar pia baadhi ya vile viboksi vya faiba vina tundu la simu limeandikwa TEL au PHONE, lakini tundu kuwepo haimaanishi sauti imewashwa, muulize aliyekufungia intaneti kabla hujanunua simu.

Na umeme. Simu ya waya ya zamani ilikuwa inakula umeme kutoka kwenye laini yenyewe, kama volti 48 hivi, ndo maana mtaa mzima ukiwa giza bado ilikuwa inalia. Isiyo na waya haina hiyo, umeme ukikatika kitako kinazima na mikono yote inakuwa midoli hata kama imejaa chaji. Kwenye laini ya shaba nilikuwa naweka simu moja ya waya ya bei ndogo pembeni kwa ajili ya dharura, ila ukishahamia kwenye ruta hata hiyo haikusaidii kwa sababu ruta nayo imezima. Kwahiyo Uingereza, kama mzee anategemea simu ya nyumbani kupiga 999, au ana ile kengele ya shingoni ya kuomba msaada, wapigie kampuni ya simu uwaambie waziwazi, wanatakiwa wampe njia ya kupiga dharura umeme ukikatika kwa angalau saa moja, mara nyingi ni betri ya akiba, na kwa mtu kama huyo hawatakiwi kumtoza. Watu wengi hawapewi kwa sababu hawaulizi. Nyumbani ambako umeme unakatika bila taarifa tafuta UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, chomeka ruta na kitako vyote viwili, ukichomeka kimoja umefanya kazi bure.

Betri sasa. Simu yetu ya pili iliniuzi kwa hili, ilikuwa na betri ya umbo lake ya peke yake, ilipochoka mwaka wa pili nikazunguka maduka yote sikuipata, simu nzima ikaenda kwenye takataka kwa ajili ya kibetri. Tangu hapo nafungua mfuniko wa nyuma dukani kama wananiruhusu, kama sio hivyo nasoma boksi: nataka iwe inatumia betri mbili za kawaida za AAA za kuchaji, zilizoandikwa NiMH, 1.2V. Hizo unazipata popote. Nyingi zinakuja na za 400 au 550 mAh, yaani kiasi cha chaji betri inachobeba, zikichoka weka za 750 kama kitabu chake kinaruhusu. Na nawaomba sana, usije ukaweka zile AAA za kutupa za rimoti, kitako kitazichaji na zenyewe hazichajiki, zinavuja au kupasuka mkononi mwa mzee. Waambie na watoto wa nyumba maana wao ndo wanapenda kubadilisha betri haraka haraka. Simu ikiwa mpya ichaji mpaka mwisho kabla hujaanza, vitabu vingine vinasema masaa 7 vingine 16, fuata cha kwako. Na kama simu ambayo ilikuwa nzuri imeanza kuzima katikati ya maongezi usikimbilie kununua nyingine, futa vile vibati vya kuchajia kwa kitambaa kikavu, vinapata mafuta ya mikono na unga wa jikoni, kisha jaribu betri mpya. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Kwa mzee kuna vitu ambavyo vijana hatuvioni. Batani ziwe kubwa na ziwe zimeachana. Maandishi ya kwenye kioo yawe makubwa na kiwe kinawaka. Mlio uwe mkubwa na uweze kubadilisha toni, maana masikio yakianza kuchoka sauti nyembamba ndo zinapotea kwanza, mlio mzito anausikia. Taa ya kuwakawaka simu ikilia. Kama anavaa kifaa cha masikio tafuta simu iliyoandikwa inafaa kwa vifaa hivyo. Batani ya kupigia mtu mmoja mmoja, ya mama yangu namba moja ni mimi, mbili ni mke wangu, tatu ni mdogo wake wa Tanga. Kuna jingine dogo ambalo limenisaidia kuliko yote, kitako chenye batani ya kuita mkono, kwa sababu mkono unasahauliwa chini ya mto, kwenye kapu la nguo, mara moja tuliukuta kwenye friji pembeni ya maziwa, unabonyeza kitakoni unalia huko uliko. Na mkono ukirudishwa kwenye kichajio ukae wenyewe, kuna vingine lazima uulenge kama unaingiza uzi kwenye sindano, mzee anauweka anadhani unachaji kumbe haujagusa, asubuhi umezima. Jaribu dukani kuurudisha kwa mkono wako mmoja bila kuangalia.

Simu nyingi za hapa sasa zina kuzuia matapeli, na kwa wazee ni kitu cha lazima, kwa mama zilikuwa zinaingia tatu nne kwa siku, mara benki, mara kompyuta ina virusi. Ila sisi watu wa kwetu tuna mtego wetu humo. Ukiwasha ile ya kuzuia simu zote za nje ya nchi, au zisizo na namba, umewafungia mlango wa Tanga na Mombasa. Kwetu ilitokea, wiki mbili mzima mama ananung'unika kwamba wadogo zake wamemsahau, na wao huko wanapiga wanaambiwa namba haipokei simu, watu wakaanza kununiana kwa kosa la mpangilio. Usizuie nje ya nchi yote. Ingiza namba za ndugu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa na +255 au +254 yake kamili, alafu mpigishe kila mmoja ahakikishe inaingia, maana simu ya kutoka mbali wakati mwingine inafika bila namba yake na orodha haiitambui. Ikiwa hivyo chukua simu ambayo inamuuliza mpigaji ataje jina kwanza, na uwaambie ndugu kabla wasije wakaogopa ile sauti ya Kizungu wakakata.

Kuhusu kuchanganya kampuni, ukikuta neno GAP kwenye boksi maana yake mkono wa kampuni moja unaweza kusajiliwa kwenye kitako cha nyingine, lakini unapata kupiga na kupokea, vingine kama kitabu cha namba usivitegemee. Mimi nanunua pakiti moja ya Panasonic au Gigaset yenye mikono miwili, basi. Ya mtumba sikatai, ila fungua sehemu ya betri, ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye springi rudisha, na hakikisha adapta ni yake maana adapta ya kubahatisha inaua kitako. Mpya tunza risiti, hapa ikiwa mbovu una siku 30 za kurudisha na kudai hela yako yote, na ukinunua mtandaoni una siku 14 za kughairi hata kama haina kasoro.

Hizo siku zitumie. Siku ile ile ikishajaa chaji piga kutoka simu yako ya mkononi, mwache mzee apokee mwenyewe usimsaidie, kisha atembee nayo kila chumba, chooni, bustanini, pale anapokaa kuanika nguo, mkiongea muda wote, nawe uandike inapokata. Choo usikiruke, wazee ndiko wanakoangukia. Ikikata chooni sogeza kitako mrudie, ikikata tena rudisha dukani.

Ya mama ilipita. Ndani ya mfuniko wa betri nimeandika kwa kalamu ya wino mzito mwezi na mwaka nilioweka betri, na pembeni ya kitako nimebandika karatasi yenye namba sita kwa maandishi makubwa, yangu ikiwa ya kwanza.