Soma bango la barabara kabla ya kutia saini fomu ya fidia

Kamwene. Mimi ni mama lishe, kibanda changu kiko kando ya barabara upande wa Mufindi, wateja wangu ni madereva wa malori ya mbao. Siku wapimaji wa mradi wa barabara walipokuja kuhesabu mali za kufidiwa nilikuwa nageuza maandazi. Fomu ikawekwa juu ya boneti, manyunyu yameanza, kila mtu ana haraka, nikatia saini. Hela ilipotoka ndipo nikagundua miparachichi yangu 14 iliandikwa 4. Jina la barabara silitaji, wala la aliyeandika. Ila kama mradi unakuja kwenu, fanya nilichokuja kujifunza nikiwa nimeshachelewa.

Anza na bango la mradi. Nilipita mbele ya letu miezi mitatu nikisoma jina la barabara tu. Shuka chini. Mwajiri, yaani wakala wa serikali mwenye mradi, ni TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa za wilaya. Mkandarasi ndiye mwenye magreda. Mhandisi mshauri ndiye anayemsimamia mkandarasi, na bila saini yake mkandarasi halipwi. Basi mtaro ukimwaga maji jikoni kwako, usigombane na dereva wa greda. Mwandikie mhandisi mshauri, nakala kwa mwajiri.

Halafu kuna mstari wa mfadhili. Huu ndio watu wanauruka. Huku kwetu umebadilika sana: Makambako hadi Songea ilijengwa kwa fedha za Uingereza miaka ya 1980. Tunduma hadi Sumbawanga ilipata fedha za Marekani kupitia shirika lao la MCC, kwenye mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa Februari 2008. Iringa hadi Dodoma waliingia Benki ya Maendeleo ya Afrika na Wajapani wa JICA.

Uliza kama ni msaada au mkopo. Fedha za MCC zilikuwa msaada, hazirudishwi. Mkopo unalipwa na Hazina, maana yake unalipwa na mimi na wewe kwenye kila lita ya mafuta, hata mwanasiasa akisema barabara "tumeletewa". Na msaada nao una masharti yake. Machi 2016 bodi ya MCC ilisitisha awamu ya pili ya fedha zake kwa Tanzania hasa kwa sababu ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar. Yaani kura ya Unguja inaweza kukata fedha ambazo mtu wa bara alishazihesabu.

Sasa jambo lililonipiga chenga: mara nyingi fedha za mfadhili ni za kujenga, fidia inatoka kwenye bajeti ya serikali yetu. Ndiyo maana unaona magreda yameshafika na wewe hujalipwa. Usimlaumu mfadhili kwa kuchelewa, lakini mkumbuke, maana wengi wao hawataki kazi ianze kwenye eneo la mtu ambaye hajalipwa. Hapo ndipo una nguvu.

Kabla wapimaji hawajafika, pima mwenyewe. Mimi nilichukua kamba ya katani, nikafunga fundo kila mita moja, mafundo 30. Mtoto wa jirani alishika ncha katikati ya lami, mimi nikatembea nayo hadi jikoni. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa 22.5. Aliye ndani ya ile 22.5 ya zamani huwekewa X nyekundu, anabomoa bila kulipwa. Aliye kati ya 22.5 na 30 hupata X ya kijani, asubiri fidia. Jiko langu lilikuwa fundo la 19. Nyumba ilianzia fundo la 24. Kwa hiyo jiko nililisahau, nikaipigania nyumba.

Hesabu miti siku moja kabla, mbele ya mjumbe, andika kwenye daftari na piga picha ukiwa umesimama kwenye kila mti. Fomu isome yote hata mvua ikinyesha. Penye nafasi tupu pigia mstari. Usiondoke bila nakala au picha ya simu. Na jua kwamba fidia si nyumba na miti tu: kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi ya miezi 36, na ya usafiri. Ardhi ya shamba nayo ina bei yake. Uthamini ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, malipo yafanyike ndani ya miezi sita, la sivyo riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini unarudiwa. Weka tarehe hiyo ukutani.

Kifusi cha kujengea barabara pia. Mkandarasi akitaka kuchimba kwenye ardhi ya kijiji, kijiji kikubaliane naye kwa maandishi, kwenye muhtasari wa mkutano, na yaandikwe masharti ya kufukia shimo. Yale mashimo yanajaa maji na watoto wanaogelea.

Malalamiko yaanzie kwa mtendaji, kisha kamati ya malalamiko ya mradi kama ipo, kisha mwajiri, kila mahali ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Yakikwama, ndipo mfadhili. Kama ni Benki ya Dunia kuna Jopo la Ukaguzi, lipo tangu 1993. Watu wawili wanatosha kulalamika, na Kiswahili kinakubalika. Malalamiko ya wananchi kuhusu mradi wa utalii na hifadhi wa REGROW, uliogusa Hifadhi ya Ruaha, yalipelekwa huko 2023, na Aprili 2024 benki ikasitisha kutoa fedha zake. Benki ya Maendeleo ya Afrika na JICA nao wana dawati lao.

Miparachichi kumi nilidai kwa picha ya harusi ya binti yangu, imeonekana nyuma ya turubai. Walirudi kuhesabu visiki, nikalipwa tisa. Wa kumi ulikuwa umefichwa na spika. Kamba ya mafundo ilikuwa nyuma ya mlango hadi wiki iliyopita, jirani wa pili ameiazima, na bado hajaileta.