Kubadili mlio wa ekzosi ya lori bila kuharibu masikio

Mimi ni fundi wa ekzosi hapa Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya. Ombi ninalolisikia kila mara ni hili: "Fundi, toa sailensa, nataka gari iungurume." Nakataa. Ukitoa sailensa, ule mtungi wa kupunguza sauti, unapata kelele. Mngurumo mzuri hutengenezwa.

Kwanza ijue injini yako. Scania 113 na 124 zina silinda 6 za mstari mmoja. Injini hiyo ikizunguka mara 1,500 kwa dakika inatoa mipigo ya moshi 75 kwa sekunde, yenye nafasi sawa. Zile 144 na 164 ni V8, yaani silinda 8 zilizopangwa pande mbili kwa umbo la V, na kila upande wa injini unatoa mipigo isiyolingana nafasi; hapo ndipo ule mlio wa kugugumia unapotoka. Hakuna bomba litakaloipa 124 sauti ya 164. Anayekuahidi hivyo anakula hela yako.

Kabla ya kukata chochote, tafuta moshi unaovuja. Washa gari asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, inama karibu na manifoldi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, usikilize. Ukisikia "tsi, tsi, tsi" inayofifia injini ikipata moto, kuna gasketi iliyokufa au ufa ambao chuma kikitanuka kinaubana. Kisha zima, subiri ipoe, umulike kwa tochi: masizi meusi yaliyotawanyika kama unyoya yatakuonyesha sehemu yenyewe. Rekebisha hapo kwanza. Moshi unaotoka kabla ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini, ni nguvu inayopotea, na mlio huo wa kukatakata hautafichwa na bomba lolote la nyuma.

Sasa sailensa. Ile ya kiwandani ina vyumba vinavyoirudisha sauti ndani ijigonge yenyewe mpaka ipungue. Mimi naweka ya bomba lililonyooka lenye matundu, lililozungushiwa sufi ya kioo ndani ya mtungi. Sufi hiyo inameza zaidi sauti kali za juu na kuacha nzito zipite, kwa hiyo ukikanyaga mafuta unasikia kifua cha injini bila ule ukali unaochoma masikio. Chagua mtungi mrefu. Mfupi haufanyi kazi yoyote ya maana. Ukiacha bomba tupu, kitakachotawala ni mluzi wa tabo.

Upana wa bomba unaongeza uzito wa sauti, lakini usizidishe. Fuata kipenyo cha mdomo wa tabo, au panua kidogo kuanzia hapo kwenda nyuma. Kona zipindwe kwa mashine; zile za kukata vipande na kuchomelea zinaacha kingo ndani, na moshi unazipigia kelele.

Urefu ndio unaowashinda mafundi wengi. Bomba likiwa na urefu unaoafikiana na mipigo ya mwendo wako wa kawaida, kebini nzima itavuma. Dereva anayetoka Dar kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900, hawezi kuvumilia hilo. Kwa hiyo funga kwa klampu tu, usichomelee bado. Ingia barabarani, shika mwendo unaosafiria, sikiliza. Ikivuma, rudi ukate kipande kifupi au uongeze, ujaribu tena. Nawaomba madereva walichukulie jambo hili kwa uzito: kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 ndiyo kikomo cha usalama wa masikio, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda huo kwa nusu. Kwenye 91 umebaki na saa 2 tu.

Vali ya breki ya ekzosi, inayoziba moshi ili gari ipunguze mwendo, usiiguse. Ukirudi Dar na shaba, mlima Kitonga unateremka, na hapo utaihitaji. Gari mpya zenye AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi) na chujio la masizi nazo ziache. Kompyuta itapunguza nguvu ya injini, na moshi utakuwa mchafu kwa wanaokaa kando ya barabara.

Mdomo wa bomba uelekeze nyuma ya kebini au juu, usielekee dirishani. Ning'iniza kwa raba, maana bomba lililokazwa moja kwa moja kwenye chesisi linapeleka mtetemo wote kwa dereva. Baada ya safari ya kwanza kaza nati upya, bomba likiwa limepoa.