Kabla ya kubadilisha chakula cha mzazi anayeanza kusahau

Kabla hujanunua kopo la virutubisho vya kuongeza kumbukumbu, mpeleke mzee hospitali. Zipo sababu za kusahau zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, hata baadhi ya dawa anazotumia. Kama ana kisukari na ametumia metformin miaka mingi, mkumbushe daktari, maana dawa hiyo huweza kushusha B12. Presha na sukari zipimwe siku hiyohiyo.

Pesa ya kopo nunulia samaki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haupendekezi vidonge vya vitamini B na E wala vya mafuta ya omega kwa ajili ya kujikinga na demensia, yaani kupungua kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri; unapendekeza mlo kamili. Mlo wa MIND, uliobuniwa na Martha Clare Morris na wenzake huko Chicago, unatilia mkazo mboga za majani, jamii ya kunde, karanga, samaki na nafaka zisizokobolewa. Kwetu hiyo ni matembele, maharage, dagaa na ugali wa dona. Ila usiufanye tiba. Utafiti wa watu 604 uliochapishwa 2023 uliwafuatilia miaka 3, na kumbukumbu za waliokula mlo huo hazikutofautiana kwa maana na za wenzao waliopunguza tu kiasi cha chakula chao cha kawaida. Anayekuuzia mlo wa kuponya demensia anakudanganya.

Chumvi ndiyo ningeanza nayo. Presha huharibu mishipa midogo ya ubongo, na kiwango cha siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na chumvi iliyomo kwenye viungo vya pakiti.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asiongezewe mboga za majani ghafla bila daktari kujua. Vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Wa insulini apewe mtu wa kumsimamia, kwani anaweza kusahau kuwa ameshachoma.

Mezani, ugali mweupe kwenye sahani nyeupe huenda asiuone. Tumia sahani ya rangi. Zima televisheni, akae wima. Akipaliwa mara kwa mara, mrudishe kwa daktari. Mpime uzito kila mwezi, na ukianza kushuka, legeza masharti umpe anachokipenda, hata kama ni chapati.