Kukadiria gharama ya mwaka ya kuzuia Legionella kwenye mabomba ya hoteli: mfano wa vyumba 120, Dar es Salaam

Bajeti nyingi za matengenezo zina mstari mmoja tu wa kazi hii, "dawa ya maji", na mstari huo ndio mdogo kuliko yote. Fedha nyingi huenda kwenye saa za kazi za watu na kwenye umeme wa kutunza maji moto. Asiyezipangia hizo mbili hujikuta na ndoo ya klorini stoo, huku shawa za ghorofa ya tano hazijafunguliwa wiki tatu.

Legionella ni bakteria wa majini anayesababisha nimonia kali. Alitambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1976 kwenye hoteli moja ya Philadelphia, Marekani. Mtu huugua kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo sana ya maji, ndiyo maana shawa inatia hofu kuliko glasi ya maji ya kunywa. Huzaliana kati ya nyuzi joto 20 na 45, hasa maji yakisimama na kukiwa na utelezi, kutu au ukoko wa chokaa wa kujifichia.

Hapo ndipo pwani yetu inapoachana na miongozo ya Ulaya. Uingereza husema maji baridi yabaki chini ya nyuzi 20. Dar es Salaam maji hufika kwenye mita yakiwa na nyuzi 26 hadi 30, na tangi la paa likipigwa jua hupanda zaidi. Kwa hiyo maji yetu "baridi" yako kwenye eneo la hatari mwaka mzima, na kinga yake ni mbili tu: klorini iliyobaki ndani ya maji, na maji yenyewe kutembea. Ukinakili bajeti ya Ulaya utaacha nusu ya jengo bila ulinzi.

Hatua ya 1: Andika kiasi kwanza, bei baadaye

Bei za umeme, maji na vibarua hubadilika. Kiasi hakibadiliki upesi. Tengeneza jedwali lenye uniti za umeme, mita za ujazo za maji, kilo za dawa, idadi ya vipimo na saa za kazi. Bei za bili zako uziweke mwisho.

Jengo letu la mfano lina vyumba 120, na kwa wastani asilimia 60 vina wageni. Lina tangi la zege chini ya ardhi la mita za ujazo 100, matangi manne ya plastiki paani ya mita 10 kila moja, na maboila mawili ya lita 2,000. Mzunguko wa maji moto ni mita 300 za bomba, kwenda na kurudi. Matumizi ni mita za ujazo 45 kwa siku.

Gawanya akiba kwa matumizi: 140 kwa 45 ni zaidi ya siku tatu. Hiyo imetokana na mgawo wa maji, na inaeleweka, lakini klorini haidumu siku tatu kwenye maji ya nyuzi 30. Tangi la zege likiwa na vyumba viwili, tumia kimoja na kingine kikae kama akiba, mkibadilishana kila wiki. Lisipokuwa na ukuta wa kati, shusha boya miezi ambayo mgawo si mkali. Hatua hiyo haigharimu chochote, na inapunguza dawa.

Hatua ya 2: Hesabu umeme wa maji moto kwa usahihi

Kanuni ya kufuata ni hii: boila nyuzi 60, bomba la kurudi lisipungue 50, na bomba la mbali lifikie 50 ndani ya dakika moja baada ya kufunguliwa. Kwenye nyuzi 60 bakteria hufa ndani ya dakika chache. Kwenye 50 hawazaliani, lakini kuwaua huchukua saa.

Wahasibu husema, "Tushushe hadi 45, tuokoe umeme." Hesabu inawakatalia. Mgeni anaoga maji ya nyuzi 38 hadi 40 kwa vyovyote. Boila likiwa na 60 atachota maji moto kidogo na kuongeza ya baridi. Likiwa na 45 atachota mengi. Joto linaloingia kwenye kuoga ni lilelile. Kinachoongezeka ni joto linalopotea njiani tu.

Bomba la milimita 28 lililovikwa kizuia joto cha milimita 25 hupoteza kama wati 7 kwa mita likibeba maji ya nyuzi 60, na kama wati 4 likibeba ya 45. Tofauti ni wati 3. Zidisha kwa mita 300 na saa 8,760: takriban uniti 7,900 kwa mwaka. Hiyo ndiyo gharama halisi ya usalama wa maji moto upande wa mabomba.

Sasa angalia bomba lilelile likiwa halijavikwa kizuia joto. Hupoteza kama wati 30 kwa mita, yaani uniti 78,800 kwa mwaka, dhidi ya 18,400 za bomba lililovikwa. Uniti 60,000 zinapotelea kwenye dari, kisha viyoyozi vinatumia umeme mwingine kuliondoa joto hilo kwenye korido. Kabla ya kubishana kuhusu nyuzi 60, panda darini na tochi. Angalia viungo na vali hasa, kwa sababu fundi huvika bomba refu na kuacha kila kona wazi.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza: kipima joto cha juu ya boila kinaonyesha 60 wakati sehemu ya chini ina 40, na tope limekaa hukohuko. Weka pampu ndogo ya kuchanganya maji ya juu na ya chini kwa saa moja kila usiku, au pandisha boila lote hadi chini lifike 60. La pili: hita ya jua haifiki 60 siku za mawingu. Lazima iwe na elementi ya umeme inayomalizia, na uniti zake ziingie kwenye jedwali.

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Kila shawa iwe na vali ya kuchanganya iliyowekwa nyuzi 41, karibu na shawa iwezekanavyo, maana bomba linaloifuata hubeba maji ya uvuguvugu ambayo bakteria huyapenda. Mita mbili ziwe mwisho. Vali 120, dakika 30 za kusafisha na kupima kila moja kwa mwaka: saa 60.

Hatua ya 3: Klorini ya maji baridi

Lengo ni miligramu 0.5 za klorini huru (ile ambayo bado haijatumika) kwa lita kwenye shawa ya mbali, na isishuke chini ya 0.2, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linakitaja kwa maji yanapomfikia mtumiaji. Ili ibaki hiyo, dozi ya kuanzia huwa kama miligramu 1.5 kwa lita, kisha unarekebisha kwa vipimo.

Mita za ujazo 45 mara gramu 1.5 ni gramu 67.5 kwa siku, kilo 24.6 kwa mwaka. Kwa unga wenye asilimia 65 ya klorini, gawanya kwa 0.65: kilo 38. Kwa dawa ya maji ya asilimia 12 ni lita 205 kwenye karatasi, lakini panga 250, kwa sababu dawa hiyo hupoteza nguvu haraka kwenye joto. Nunua ya mwezi mmoja tu, iweke kivulini, andika tarehe kwenye dumu. Kununua ya mwaka mzima kwa bei ya jumla ni kununua maji.

Pima pH (kipimo cha asidi ya maji) pamoja na klorini. Kwenye pH 7.5 karibu nusu ya klorini ndiyo yenye nguvu ya kuua, kwenye 8.5 inabaki kama sehemu moja ya kumi. Jengo linalochanganya maji ya kisima kirefu na ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam) linaweza kuruka kutoka hali moja hadi nyingine kwa siku moja, na msomaji wa kipimo akadhani mambo ni shwari kwa sababu namba ya klorini haijabadilika.

Vipimo vitatu kwa siku (mita, tangi la paa, shawa ya mbali) ni vidonge 1,095 vya DPD (dawa ya kupimia klorini kwa rangi): paketi tano za 250. Dakika 15 kila siku ni saa 91 kwa mwaka.

Hatua ya 4: Kufungulia maji vyumba vilivyo wazi

Hapa ndipo penye gharama kubwa ya watu, na ndipo penye nafasi kubwa ya kuokoa.

Chumba kisicho na mgeni kwa siku saba kinatakiwa kufunguliwa maji, moto na baridi, kwenye shawa na sinki, dakika tano hivi, na choo kivutwe. Hesabu lita 60 na dakika 10 kwa chumba pamoja na kutembea. Kwa vyumba 48 vilivyo wazi ni saa 8 kwa wiki, saa 416 kwa mwaka, na maji mita za ujazo 150.

Kabla ya kuzipangia fedha saa hizo, keti na watu wa mapokezi. Kompyuta ya mapokezi mara nyingi hutoa vyumba vya ghorofa za chini kwanza, na vya juu vinalala. Wakipewa orodha ya vyumba vilivyokaa siku tano na kuanza navyo, wageni wenyewe watakufungulia maji. Vikibaki 12 tu kwa wiki, saa 416 zinashuka hadi 104.

Mhudumu asisimame mbele ya shawa iliyolala. Afunge mfuko wa plastiki kwenye kichwa cha shawa, akate pembe moja ya chini, maji yashuke kwenye shimo bila kurusha ukungu, kisha atoke bafuni na kufunga mlango. Dakika hizo za mwanzo ndizo zenye hatari kuliko zote, na yeye ndiye aliye karibu.

Kwa vipande vya bomba vilivyozibwa baada ya ukarabati (sinki iliyoondolewa, jiko la zamani), usipange kuvifungulia. Vikate kwenye tii (kiungo cha umbo la T) yenyewe. Bomba moja la kufunguliwa kila wiki hula karibu saa 9 kwa mwaka. Fundi hulikata kwa saa mbili, mara moja.

Hatua ya 5: Usafi, joto na matangi

Vichwa vya shawa husafishwa kila miezi mitatu: 120 mara nne, dakika 15 kila kimoja, saa 120. Nunua vichwa 40 vya ziada ili ubadilishane, vile vichafu viloweke kwenye asidi ya limau hadi ukoko utoke, visuuzwe vizuri, kisha saa moja kwenye klorini ya miligramu 50 kwa lita. Usichanganye viwili hivyo kwenye ndoo moja: asidi na klorini hutoa gesi ya sumu.

Vipimo vya joto vya kila mwezi, kwa boila na kwa mabomba ya karibu na ya mbali ya kila mzunguko, ni saa 3, yaani 36 kwa mwaka. Kipima joto kihakikiwe kwenye barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka. Dar yanachemka kwa 100. Ukiwa Nairobi tarajia karibu 94.

Matangi husafishwa angalau mara moja kwa mwaka. Panga watu wanne kwa siku tatu, saa 96, na maboila mawili saa 32. Kujaza akiba yote kwa miligramu 50 kwa lita, muda wa saa moja, ni kilo 11 za unga wa asilimia 65. Maji hayo yaondolewe klorini kabla ya kumwagwa. Tangi la chini ya ardhi ni nafasi iliyofungwa: pitisha hewa, mtu mmoja abaki mlangoni muda wote, na asiingie hata kama mwenzake ameanguka kabla ya msaada wenye vifaa kufika.

Hatua ya 6: Maabara

Weka sampuli sita kila miezi sita: kumi na mbili. Jengo lenye mnara wa kupoza maji wa viyoyozi liongeze nne, moja kila robo, pamoja na kusafisha mnara mara mbili kwa mwaka. Omba kipimo cha ISO 11731 (njia ya kimataifa ya kuotesha na kuhesabu Legionella), na uulize kama kibali cha ISO/IEC 17025 (cha umahiri wa maabara) kinagusa kipimo hicho hasa. Kipimo cha E. coli hakisemi lolote kuhusu Legionella. Chupa ni ya lita moja yenye dawa ya kuua klorini. Majibu huchukua siku kumi hivi. Sampuli zikisafirishwa nje ya nchi, usafiri uwe mstari wake.

Weka pia akiba ya majibu mabaya. Yakizidi makoloni (vikundi vya bakteria vilivyoota maabara) 1,000 kwa lita, utapima upya, utachunguza mfumo na pengine kuusafisha kwa dawa. Panga kazi hiyo mara mbili kwa mwaka, kila mara sampuli sita, kilo 11 za unga na saa 30.

Hatua ya 7: Jumlisha

Bila akiba ya dharura, kazi ni saa 851, karibu asilimia 40 ya mwaka wa mtu mmoja anayefanya saa 45 kwa wiki 48. Mapokezi yakishirikiana ni 539. Ongeza uniti 7,900 za joto, maji mita 150 pamoja na 140 za kuosha matangi, unga kilo 49, vidonge, vipuri, sampuli 12. Zidisha kwa bei zako. Klorini itatokea chini kabisa ya jedwali, na mtu wa kazi hii juu, kwa hiyo mwandike kwa jina na saa zake kwenye ratiba.

Mstari wa mwisho ni msimu. Masika ghorofa hufungwa, na wengi humwaga maji kwenye mabomba yake. Bomba lililomwagwa hubaki na unyevu na utelezi. Ama endelea kulifungulia kila wiki, ama lifunge kwa vali ya ghorofa, na kabla ya mgeni wa kwanza wa Juni lijaze maji yenye klorini ya miligramu 50 kwa lita kwa saa moja, lisuuze hadi klorini irudi chini ya 1, kisha upime. Panga saa 16 kwa ghorofa.