Kupata nukta ya mstari iliyo mkabala na nukta ya nje kwa pembe mraba

Wanafunzi wengi hutafuta kwanza mteremko wa mstari, kisha mteremko wa mstari unaoukata kwa pembe mraba, na mwishowe hutatua milinganyo miwili kwa pamoja. Njia hiyo ni sahihi, lakini hukwama mstari unapokuwa wima, kwa kuwa mstari wa namna hiyo hauna mteremko. Napendekeza kutumia vekta, yaani jozi za namba zinazoonyesha mwendo kutoka nukta moja hadi nyingine, ambazo hazijali mstari umelala vipi.

Tuseme mstari unapita A(1, 2) na B(5, 4), na nukta ya nje ni P(2, 5). Toa A katika B upate (4, 2), kisha toa A katika P upate (1, 3). Zidisha viwianishi vinavyolingana na ujumlishe: 4 × 1 + 2 × 3 = 10. Gawanya kwa 4² + 2², yaani 20, upate t = 0.5. Nukta inayotafutwa ni A + 0.5 × (4, 2), yaani (3, 3). Hakuna kipeuo cha pili kilichohitajika popote, jambo linalopunguza makosa ya kukadiria desimali.

Hakiki kila mara: kutoka (3, 3) hadi P ni (−1, 2), na −1 × 4 + 2 × 2 = 0, hivyo pembe ni mraba kweli.

Ikiwa unashughulika na kipande cha AB pekee, itazame t kabla ya kuendelea, kwani ikiwa chini ya 0 nukta ya kipande iliyo karibu zaidi na P ni A, na ikizidi 1 ni B.